Ngazi Isiyotajwa

"Bibi arusi mkono wa kulia!" Xiang Maoshu alipaza sauti.

"Mtazame, usimguse!" Qin Dashun alijibu kutoka nyuma, na kiti cha mianzi kikalipita salama jiwe lililochomoza njiani.

Ndivyo wabebaji wa mlima huu wanavyopanda. Wa nyuma hazioni ngazi, kwa sababu kiti kimemziba. Macho yake ni mdomo wa mwenzake wa mbele.

Kitini alikaa Tan Guixiu, amepakata mfuko wa machungwa. Mumewe, Tian Xingwu, alibeba nyuma ya Xiang kwa miaka kumi na tisa. Mwaka jana, kwenye kona ya juu, alitumbukia korongoni. Xiang aliwaambia wabebaji wote, "Mimi niliita. Yeye alikuwa amelewa." Tangu hapo watu hulitaja jina la Xingwu kwa kicheko, na hakuna anayekubali kubeba pamoja na mwanawe. Mwana wa mlevi, wanasema, naye atatuua.

"Shemeji, umenenepa," Xiang alitania huku akihema. "Au ni machungwa?"

"Beba, we mzee. Miguu yako ingekuwa na nguvu kama mdomo wako, tungeshafika."

Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukazimeza nguzo za mawe moja baada ya nyingine. Vigari vya wageni vilivyoning'inia kwenye waya vilionekana, kisha havikuonekana tena. Karibu na kona, hata ndege walinyamaza. Guixiu aliacha kumenya chungwa.

Xiang alipunguza mwendo. Mbele yake ngazi moja ilikuwa imemeguka.

"Bibi kizee hana jino!" aliita, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nyuma, mtu alikohoa.

"Leo umesema, Maoshu. Siku ile mbona ulinyamaza?"

Kiti kilitua kwa kishindo, na Xiang akapiga magoti palepale, asithubutu kugeuka.

"Walikuwa wananipiga picha!" alilia. "Wageni, walikuwa mbele yangu na simu zao. Nilikuwa natabasamu! Nilipokumbuka kuita, miti ya kiti ilikuwa imeshakuwa mizito begani, nyuma hakuna mtu. Hukuwa umelewa, Xingwu. Hukuwa umeonja hata tone. Nisamehe, ndugu yangu."

Guixiu aliteremka kitini. Alikuwa amejiandaa kumpiga na kumtukana, lakini hakufanya hata moja.

"Kesho utayasema haya mbele ya wabebaji wote," alisema. "Na mwanangu awepo asikie."

"Nitasema, shemeji. Nitasema."

Machozi yalimtoka Guixiu, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akamgeukia Qin. Jioni tatu mfululizo alikuwa amemkalisha jikoni kwake, akimfundisha maneno yale neno kwa neno.

"Ahsante, Dashun. Umemwiga mume wangu vizuri mno, mpaka kikohozi chake."

Qin alikuwa ameung'ang'ania mnyororo wa ukingoni kwa mikono yote miwili.

"Mama, nisamehe," alinong'ona. "Nilikuwa bado navuta pumzi niseme. Aliye nyuma yangu akanitangulia."