Miwani Isiyomtosha Veneranda

Mwenye duka la miwani mtaani Kanyenye alimvua Veneranda miwani ya jua ya nne, ambayo tayari ilikuwa imemchora alama nyekundu juu ya masikio. Akacheka wateja wasikie.

"Dada, waendesha baiskeli wote wanavaa hii. Kasoro ni hicho kichwa. Jaribu maduka ya masufuria."

Veneranda, aliyekuwa na mashindano ya baiskeli kesho yake, akalipa. Akaivunja miwani mkono mmoja, kisha wa pili.

"Umechanganyikiwa?"

Akatoka, akafungua mpira wa tyubu kwenye keria ya baiskeli yake, akaufunga kwenye bawaba za miwani huku na huku, akavaa. Akatikisa kichwa chake chote. Miwani haikusogea, wala haikumbana.

Akarudi, akaisukuma mezani ile mikono iliyovunjika.

"Hii chokonolea meno," alisema. "Kinywa chako kina uchafu mwingi."