Sala ya Zipora

Ujuzi wowote uliotumika ndani ya Kituo cha Ubingwa ulikuwa mali ya kampuni ya Ulaya iliyokimiliki, na mfanyakazi alipostaafu, ulitolewa kichwani mwake ukabaki kazini. Zipora aliikubali sheria hiyo. Kazi yake ilikuwa kutuliza wateja wenye hasira kwa simu, na ujuzi huo hakuuhitaji tena.

Jioni ya kustaafu kwake, mumewe Barasa alifumba macho mezani. "Haya, Mama Neema, tuombee chakula."

Zipora akafungua kinywa. Hakuna neno lililokuja.

Akampigia simu Loise, msimamizi aliyekuwa akisali naye kila asubuhi kabla ya zamu.

"Dada, wamechukua hata sala yangu."

"Si ulikuwa unawaombea wateja kimoyomoyo kabla ya kuongea nao?" Loise akasema taratibu. "Uliniambia mwenyewe, nami nikaiingiza sala hiyo kwenye ujuzi wa kituo. Wenzetu wa kituo kipya kule Asia wameipenda sana."

Zipora akakata simu.

"Omba wewe leo," akamwambia mumewe.

"Mimi? Tangu tuoane kazi yangu ni kusema amina."

Ugali ukapoa, kila mmoja akiona haya kuanza kula.