Redio ya Baba Nasor

Redio ilikuwa na betri mpya, na bado haikutoa hata mkwaruzo.

Mabruki aliigeuza juu ya mkeka, akatafuta bisibisi mfukoni. Alikuwa amechoka hoi. Tangu alfajiri alikuwa juu ya baiskeli akirudi kutoka Sikonge, alikokwenda kutengeneza redio ya kijiji cha ujamaa, na sasa alichotamani ni kuoga na kulala. Lakini Mzee Abbasi alikuwa ametuma mtu mara mbili, na Tabora nzima ilijua kwamba hakuna redio iliyowahi kumshinda Mabruki. Sifa nyingine ni mzigo tu.

"Imenyamaza tangu lini, mzee?"

"Juzi asubuhi," alijibu Mzee Abbasi kutoka kwenye kiti chake cha kamba. Moyo wake ulikuwa mbovu, na daktari alikuwa amemkataza kutoka nje, tena akasema asishtushwe. "Mama Nasor, hebu nenda kwa jirani yetu Maua ukamwombee fundi maziwa ya chai."

"Chai ya rangi inamtosha," alisema Bi Nunu, mkewe, wala hakubanduka mlangoni.

Baadaye mzee akamtuma tena, safari hii tambuu. Bi Nunu akasema ipo ndani.

Ikaadhiniwa alasiri. Mzee akajikongoja kwenda uani kutawadha, na hapo hapo Bi Nunu akachutama karibu na fundi.

"Usiitengeneze," alinong'ona. "Nakuomba, fundi, kwa jina la Mungu."

Mabruki alimtazama. Macho ya yule mama yalikuwa mekundu, naye alikuwa amedhani ni moshi wa jiko.

"Nasor wetu amefariki. Lori lake limepinduka huko Kibondo, akihamisha watu kwenda vijijini. Wameshamzika huko huko. Maua ndiye aliyelisikia tangazo la kifo redioni kwake, akaniita. Likirudiwa, mzee akalisikia peke yake hapa, nitazika wawili. Majirani nimewaomba wanyamaze hadi kesho, kaka yangu afike na treni kutoka Tura, amwambie kiutu uzima."

"Ndiyo maana ukaiharibu."

"Mimi? Wala sijaigusa. Niliporudi kutoka kwa Maua niliikuta bubu. Nikasema Mungu amenihurumia."

Mabruki hakubishana naye. Alikuwa ameshafungua kifuniko cha nyuma, na aliuona waya wa spika umekatwa kwa wembe, mkato safi kabisa. Waya haujikati wenyewe. Alimwonea huruma sana mama huyu, aliyebeba msiba wake kimya kimya na bado akaona aibu kuutaja wembe. Ilihitajika lehemu kidogo tu, na kabla chai haijapoa redio ingekuwa inaimba.

Akazirudisha skrubu moja baada ya nyingine, akaifunga redio.

Mzee Abbasi alirudi, ndevu zikimdondoka maji. "Vipi, fundi?"

"Imenishinda, mzee." Maneno hayo hakuwahi kuyatamka tangu aanze kazi, na yalimuuma kuliko alivyotegemea. "Kuna kifaa kimeungua ndani. Siku hizi hata Dar es Salaam hakipatikani."

Alingoja lawama. Mzee alishusha pumzi ndefu tu, akaketi.

"Basi. Umesikia, Mama Nasor? Tuiache."

"Tuiache," alisema Bi Nunu upesi, akaanza kukunja mkeka.

Mabruki alipoaga, mzee alishikilia kumsindikiza, ingawa kufika barazani tu kulimtoa jasho. Pale kwenye baiskeli akamkamata fundi mkono.

"Waya umeuona," alisema polepole. "Ahsante kwa kuuacha vile vile. Nilitaka kukuomba mapema, lakini hakutoka pale mlangoni. Na nisingekuita kabisa, angeshuku jambo. Anajua ninavyoipenda redio."

Akageuka kuchungulia ndani, kisha akasogeza kinywa sikioni mwa Mabruki.

"Niliukata mimi, tangazo la Nasor lilipokwisha. Mama Nasor bado hajajua."