Kumsindikiza Lorene Gaddis

Yai lilimpasukia Mchungaji Weldon Strickland shingoni, ute ukamchuruzika ndani ya kola yake ya uchungaji. Hakugeuka.

"Usiwatazame, Bi Gaddis," alimnong'oneza msichana aliyemfuata. "Tazama mgongo wangu tu."

Lorene Gaddis alikuwa Mweusi wa kwanza kuja kusoma katika chuo kikuu kile cha Georgia. Umati uliojaa ngazini ulizomea. "Kibaraka wa weusi! Kaivue hiyo kola!" Strickland, Mzungu mwenzao, mzaliwa wa mji uleule, aliupasua kwa mabega mpaka mlangoni. Lorene akaingia. Mchungaji akarudi garini.

Tangu hapo simu za matusi hazikukoma. Dirisha la sebuleni likavunjwa kwa jiwe. Ijumaa akaja Clyde Purvis, mzee wa kanisa, akakataa hata kuketi.

"Umetuvua nguo, Mchungaji. Leo chuo, kesho je?"

"Nilisema chuo, Clyde. Elimu ni haki ya kila mtu. Kuna lingine nililosema?"

"Hujasema." Purvis akavaa kofia yake. "Bado."

Alipoondoka, Ardith, mke wa mchungaji, aliendelea kuzoa vipande vya kioo. "Na angekuuliza waziwazi, Weldon, ungemjibuje?"

"Hatua kwa hatua, mke wangu."

"Sikuuliza hivyo."

Jumapili, katika kanisa lao la Wazungu pekee, nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Strickland alihubiri habari za Msamaria mwema. Kila alipowatazama wachache waliobaki, Purvis akiwa mbele kabisa, machozi yalimlengalenga. Hawa hawakumtupa.

Katikati ya wimbo mlango ukafunguliwa. Lorene Gaddis alisimama pale na glavu zake nyeupe, akitabasamu kwa haya. Alikuja kusali na mtu aliyemkinga.

Kinanda kikanyamaza. Wahudumu wawili wakainuka kumzuia.

"Mwacheni!" Strickland aliwakemea.

"Haya, Mchungaji," Purvis akasema bila kugeuka. "Tuambie sasa."

Strickland akashuka mimbarani. Akapita katikati ya mabenchi, uso umemwiva, macho yote yakimfuata. Alipomfikia Lorene alimwinamia kwa heshima, akampa mkono. Lorene akaushika, akashusha pumzi.

"Si hapa, Bi Gaddis," akamwambia kwa upole, akamsindikiza hadi nje.