Blanketi la Bi Ozella

"Twende mkono wa kulia, Bibi," Renita alisema, akamshika kiwiko kabla hajaufikia mlango wa kushoto. "Kushoto kuna vyungu tu."

Bibi Ozella alikuwa ametimiza miaka themanini na mbili siku hiyo. Renita alitaka kumpeleka kula samaki wa kukaanga, Bibi akakataa. Alitaka kuja hapa, kwenye jumba la sanaa la marehemu Haskew, tajiri wa mbao aliyekusanya vitu maisha yake yote, kisha akaacha wosia kwamba kila mtu aingie bure.

Haskew alikuwa mtu wa adabu. Miaka minane nyuma alivua kofia mbele ya Renita, akamlipa, akalikunja mwenyewe blanketi la viraka la Bibi na kulilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari. Bibi alilishona mwaka aliofiwa na mumewe, kwa suruali za kazi za marehemu huyo. Lakini Renita alikuwa anadaiwa karo ya chuo. Bibi aliporudi kutoka kanisani, Renita alimwambia limeibwa kwenye kamba ya nguo.

Tangu hapo, kila Jumapili Bibi humwombea mwizi kwa sauti, na Renita huitikia amina.

Chumba cha mkono wa kulia kilijaa picha za wanawake matajiri wenye shingo ndefu. Bibi alikuwa ameshauvuta mkoba wake mbele ya tumbo, kama sheria ya jumba ilivyotaka, kabla mlinzi yeyote hajamwambia.

"Huyu hajala tangu jana," alisema mbele ya picha moja. Renita alicheka kupita kiasi.

Kisha Bibi akageukia kushoto. Renita alisema kule kunafanyiwa ukarabati. Akasema pia kuna joto. Bibi alimtazama kwa upole, akatangulia.

Blanketi lilining'inia peke yake ukutani, chini ya taa. Magoti ya zile suruali yalikuwa bado yamepauka vilevile. Renita aliinamisha kichwa. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo aseme ukweli, mlinzi mmoja akawajia akitabasamu.

"Leo umechelewa, Bi Ozella. Kiti chako nimeshakiweka pale pale pa kila Alhamisi. Na mgeni wako nimletee chake?"

"Mletee," Bibi alisema. "Huyu ndiye Renita."