Breka Ni Nzima

"Breka ni nzima, Mama! Nzima kabisa!" Royce aliizima ile swichi kuu ya umeme, akaiwasha tena, akasikiliza. Nje, mashine ya AC, ya kupoza nyumba, iligoma kama punda.

Asubuhi ile walikuwa wamemzika baba yake, Weldon. Sasa nusu ya mji wa Abilene ilijazana sebuleni na sahani za saladi ya viazi, jasho likiwatiririka ndani ya nguo nyeusi. Agosti ya Texas haina adabu kwa wafiwa.

Oleta, mjane na mama yake Royce, alikereka hadi machozi. Weldon alikuwa fundi wa AC maisha yake yote, na alianguka uani akitengeneza hii hii. Jirani yao Rudy ndiye aliyemkuta, chali, mkono umebana kifua. Moyo, wakasema madaktari. Na sasa wageni walinong'ona kwamba fundi wa mji mzima kaacha mashine yake mwenyewe mbovu.

Kabla ya mazishi, mfuko wa nguo alizofia Oleta alishindwa hata kuufungua. Aliupeleka kwa Tidwell, mwandaaji wa maiti, akaagiza mumewe avikwe shati lile lile la kazi, na vya mfukoni visiguswe. Kisu chake na peremende zake aende navyo.

"Basi, yameisha," Royce alisema, akijifuta uso. "Kesho nakupeleka kwangu Dallas. Nyumba tunauza. Joto hili litakuua."

"Siendi kokote. Baba yako alisema ataimaliza siku ile ile."

"Alisema! Mbona haiwaki?"

Hilo lilimchoma. Weldon hakuwahi kuziamini breka. "Breka ikinuna inajizima," alizoea kusema, "unairudisha, inasahau. Tena mtu yeyote anaweza kuiwasha nyuma ya mgongo wako. Fyuzi ikinuna inakufa. Unaitupa, unaweka mpya. Na ukitengeneza unaichomoa, inakaa nawe."

"Umeangalia kisanduku cha nje?" Oleta aliuliza ghafla.

"Kisanduku gani?"

"Mungu wangu! Mtoto wa fundi mzima, hujui kisanduku!"

Alimburuta hadi uani. Ukutani, kando ya mashine, palikuwa na kisanduku cha kijivu. Humo hukaa kishikio cheusi chenye fyuzi mbili: kikichomolewa, mashine haipati umeme hata breka ikiwa nzima namna gani. Oleta alifunua kifuniko. Ndani palikuwa na tundu tupu.

"Kimeibwa!" Royce alimgeukia Rudy, aliyekuwa amewafuata na sahani mkononi. "Ni wewe! Kila kiangazi unalalamikia kelele za mashine hii. Na siku ile ulikuwa peke yako hapa."

"Mimi?" Rudy aliiweka sahani chini. "Kijana, koma! Nilimkuta baba yako amelala hapo hapo ulipokanyaga. Nikahangaika kuutoa mkono wake kifuani nimsikilize moyo, akakataa kuachia. Mtu anakata roho mbele yangu, mimi niibe fyuzi?"

"Royce, nyamaza," Oleta alisema. "Rudy, alikataa kuachia?"

"Kabisa, Bi Oleta. Kama mtu anayeogopa kunyang'anywa."

Oleta aliingia jikoni, akapita katikati ya wageni, akampigia simu Tidwell.

"Shati la Weldon," alisema. "Mfuko wa kifuani. Mlikuta nini?"

"Tulifuata agizo lako, mama, hatukutoa kitu. Kisu na peremende vilikuwa kwenye suruali." Tidwell alikohoa kidogo. "Kifuani kulikuwa na kidude cheusi chenye fyuzi mbili. Mpya kabisa, bado zinang'aa."

"Alikuwa ameimaliza," Oleta alimwambia Royce, "kilibaki kukirudisha tu, nasi tumemzika nacho."