Geti Linauliza Unaondoka Lini

Siku hizi haruhusiwi mtu kuishi pwani. Mgeni anapiga hema wiki moja hifadhini, kisha geti, mashine inayosema na kuandikisha wanaoingia, linamtaka aondoke. Tunaobaki ni sisi wa kujitolea tu, ndiyo maana mimi na mke wangu Mwanaidi tunafagia kambi na kuosha vyoo vya wageni pale palipokuwa kijiji chetu.

Mwanaidi ana tabia moja inayoniudhi. Kila anayepiga hema chini ya mvinje mkubwa anaambiwa mlango autazamishe kusini, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa nyumba yetu, na mlango wake ulitazama huko.

"Waache watu, Mama Riziki," namwambia. "Hema si nyumba."

"Upepo unaingia vizuri," ananijibu.

Juzi alikuja Sekela kutoka Mbeya, yeye na mumewe, tumbo kubwa. Mlango wakautazamisha kusini bila kubisha. Jana asubuhi uchungu ukamshika, na kabla nesi hajafika, Mwanaidi akampokea mtoto wa kike palepale kilipokuwa chumba chetu.

Leo tumekwenda kumwandikisha. Geti likauliza, kama linavyomuuliza kila mtu, "Anaondoka lini?"

Nilitaka kusema Jumapili, pamoja na wazazi wake. Mwanaidi akanisogeza pembeni.

"Haondoki. Amezaliwa hapa."

Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha geti likauliza swali ambalo sijawahi kulisikia likiuliza.

"Nyumba yake iko wapi?"

Mwanaidi akanyoosha kidole kwenye hema.

"Ile pale, mlango unatazama kusini."